Nani Avae Koti la Otmari

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo, na mwenye kusinzia aketi nyuma asije akamwegemea mwenzake. Ninachowaletea kina mafundi watatu, gari moja na koti moja. Mafundi wanahesabika, gari linaonekana, koti linashikika. Haki peke yake haishikiki, na hiyo ndiyo nitakayowaachia ninyi mniambie imekaa upande gani.

Mafundi hao walifanya kazi katika gereji moja ya mji mdogo wa Igelango, kule juu kwenye baridi, ambako ukungu huingia uani asubuhi ukakaa hadi watu wanasahau kwamba upo. Watatu hao kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Egno alikuwa na kipaji cha kusoma. Magari ya siku hizi yana visanduku vidogo ndani yake, mafundi huviita kontroboksi: kimoja cha injini, kimoja cha breki, kimoja cha usukani, kimoja cha mifuko ya hewa inayojaa ghafla gari linapogonga. Visanduku hivyo huzungumza muda wote gari linapotembea, na kimoja kikipatwa na jambo, huliandika. Egno alikuwa na mashine ya mkononi inayosoma maandishi hayo. Mafundi wengi husoma mstari wa kwanza, wakafuta yote, wakamwambia mwenye gari kwamba limepona. Egno alisoma mpaka mstari wa mwisho, hata wateja wakinuna.

Zenobia alikuwa na kipaji cha kufuata. Yeye alikuwa fundi umeme, na chombo chake kilikuwa mita ndogo ya manjano yenye sindano mbili za kugusia waya. Mpe waya unaoingia chini ya zulia na kupotelea huko, ataufuata kama mtu anayemfuata kuku aliyeficha mayai: polepole, bila kumshtua, akikubali kusimama kila kuku anaposimama.

Kasiani alikuwa na kipaji cha kuunganisha. Bati lililooza, bomba la moshi lililopasuka, mlango uliopigwa ukapinda, yote yalipita kwenye moto wake. Akishachomelea, akasugua na kupaka rangi, hata mwenye gari alipapasa kwa kidole akashindwa kujua jeraha lilikuwa wapi.

Basi wakati wa masika, katika mji huo, alikufa dereva aliyeitwa Otmari Mbilinyi.

Otmari alikuwa na gari la viti saba, la kukodi. Lilibeba wagonjwa, maharusi, na vitanda vya wanafunzi wanaokwenda bwenini. Miaka ya nyuma alikuwa mlevi, na hakuwa mlevi wa siri. Kisha aliacha. Alikaa miaka sita bila kugusa pombe, lakini watu wa Igelango waliposimulia habari zake, bado walianzia kwenye ile miaka ya kuanguka mitaroni.

Siku moja ya mvua, saa nne asubuhi, alikuwa akimpeleka Mwalimu Edgari Ngailo kwenye kikao cha shule. Kwenye kona ya kushukia mto gari lilitoka barabarani, likabingirika. Mwalimu alifariki palepale. Otmari alifikishwa hospitali akaishi siku tatu, na katika siku hizo tatu alimwambia mkewe Skolastika jambo moja tu, akilirudia kila alipopata nguvu. Alisema gari lilinyamaza. Sindano zote za dashibodi zilianguka, injini ilikata, usukani ukawa mzito kama umechomekwa kwenye saruji, na vyote vilitokea kwa pamoja. Yeye alikuwa macho. Alikuwa ameushika usukani kwa mikono miwili.

Watu hawakulipokea neno hilo. Wakali walisema alikuwa amelewa, wapole walisema alisinzia. Mwalimu Edgari alikuwa amewafundisha kusoma nusu ya watu wa mji, na mji ulihitaji mtu wa kumkasirikia. Kaka yake mkubwa, Gaudensi, mfanyabiashara wa mbao, alitamka mbele ya waombolezaji kwamba hatakanyaga ua wa Otmari, na atakayekanyaga asimsalimie tena. Gaudensi hakuwa mtu wa kupayuka, kwa hiyo watu walimsikiliza. Otmari alizikwa na watu kumi na wanne. Sita walibeba jeneza kutoka nyumbani hadi makaburini bila kupokezana, kwa kuwa hapakuwa na wa kuwapokea. Kasiani alikuwa mmoja wa hao sita.

Sasa sikilizeni desturi ya ukoo huo, maana kisa chote kimesimama juu yake. Siku ya arobaini, tanga linapovunjwa, koti la marehemu huvikwa mtu mmoja mbele ya watu. Huyo huketi kwenye kiti cha marehemu na huonja chakula wa kwanza. Tangu siku hiyo ni ndugu wa damu. Akiwa mwanamume, watoto wa marehemu humwita baba. Akiwa mwanamke, humwita shangazi. Na siku yake ikifika, huzikwa pamoja na ukoo. Koti halikatwi vipande wala halivaliwi kwa zamu. Tena tanga halivunjwi kwenye ua mtupu. Lazima majirani waje washuhudie, na kama kuna aliyemdai marehemu damu, lazima naye aje. Asipokuja, msiba hauishi. Mjane hubaki na kitambaa cheusi, na watoto hubaki wa mtu ambaye habari yake haijafungwa.

Skolastika alikuwa na mabinti wawili. Mkubwa, Benedikta, mwenye miaka kumi na miwili, alikuwa ameacha kwenda shule, kwa sababu shuleni walimwita mtoto wa aliyemuua mwalimu.

Siku ya kumi baada ya mazishi Skolastika alifika gereji. Gari lilikuwa limevutwa hadi pale, limelazwa nyuma ya ua, ubavu mmoja umebonyea, na mnunuzi wa vyuma chakavu alitarajiwa kulichukua wiki hiyohiyo. Mafundi walisimama kumpa pole. Aliipokea, kisha akasema alichokuja kusema.

"Sikuja kutaka gari. Nataka kujua kama mume wangu alisema kweli. Na kama alisema kweli, nataka Gaudensi akae uani kwangu siku ya arobaini. Atakayenifikisha hapo, nitamvika koti la Otmari."

Egno alikubali papo hapo. Zenobia aliuliza funguo za gari ziko wapi. Kasiani alisema gari limepinda, hakuna cha kutafutwa ndani ya chuma chakavu. Wenzake walipomtazama, alisema naye atasaidia.

Egno ndiye aliyeanza. Alifunga betri nyingine, akachomeka mashine yake chini ya dashibodi, akaketi kwenye kiti kilichojaa vipande vya kioo. Visanduku vilikuwa hai, na vilikuwa vimeandika mengi. Cha injini kiliandika kwamba hakikukisikia cha breki. Cha breki kiliandika kwamba hakikukisikia cha usukani. Cha usukani kiliwalaumu wote wawili.

"Vinasutana kama mawifi baada ya mazishi," Egno alimwambia Zenobia.

"Mashine yako inasoma umbea tu, kaka," Zenobia alimjibu. "Mimi nipe waya."

Egno hakujali. Alisoma mpaka mwisho, na huko mwisho alikuta mambo mawili. La kwanza, visanduku vyote vilikuwa vimeandika kilomita zilezile na mwendo uleule: thelathini na sita kwa saa. Huo si mwendo wa mlevi. La pili lilikuwa kubwa zaidi. Kisanduku cha mifuko ya hewa kilikuwa kimeandika mshindo wa ajali, na kilikuwa kimeandika kwamba mshindo ulipokuja, tayari kilikuwa hakiwasikii wenzake. Ukimya ulitangulia, ajali ikafuata. Egno alimwambia mnunuzi wa vyuma chakavu arudi mwezi ujao, akaandika aliyoyaona kwenye karatasi kwa mwandiko mzuri, akaipeleka kwa Gaudensi katikati ya mbao zake.

Gaudensi aliisoma mara mbili. Akaikunja, akamrudishia.

"Hii inaniambia lini," alisema. "Haijaniambia kwa nini. Tena mashine ni yako, na Otmari alikuwa rafiki yako."

Akaendelea kupima mbao.

Zenobia ndiye aliyefuata. Visanduku vyote vya gari lile vilizungumza kupitia jozi moja ya waya, waya mbili nyembamba zilizosokotwa pamoja kama nywele za msichana. Jozi ikiwa nzima, ukiipima kwa mita unapata sitini. Ikikatika namba hupanda, na waya mbili zikigusana namba huanguka karibu na sifuri, na hapo visanduku vyote huwa viziwi mara moja. Zenobia alipima akapata sitini. Kesho yake alipima tena akapata sitini. Alitikisa soketi, akavuta waya, akapiga dashibodi kwa ngumi. Sitini. Gari lililomuua Otmari lilimwonyesha kwamba halina ugonjwa wowote.

Egno alimtania kwamba labda waya nazo zinamwogopa. Zenobia hakucheka. Kwa siku tano alikuwa akiingia ndani ya gari lile lililobonyea, anakaa kimya kwenye kiti cha dereva, anatoka. Siku ya sita alikwenda kwa Skolastika, akamwuliza swali lililomshangaza mjane: je, Otmari alikuwa na malalamiko yoyote juu ya gari, hata dogo, hata la kipuuzi? Skolastika alifikiri. Alisema hapana, ila kila mvua iliponyesha zulia la miguuni lililowa, na mumewe alikuwa akilileta nyumbani kulianika karibu na jiko.

Tangu ajali gari lilikuwa limelala chini ya paa la bati, kavu.

Zenobia aliazima kopo la kumwagilia bustani. Alimwaga maji miguuni pa dereva, kidogo kidogo, kama anayemwagilia miche ya kabichi, sindano za mita zikiwa zimeshikizwa kwenye waya. Sitini. Akamwaga tena. Sitini. Maji yalipita chini ya zulia, yakatafuta njia yao, na Zenobia aliyasubiri. Kisha ikawa hamsini na nane. Ikawa thelathini. Ikawa tatu. Egno, aliyekuwa amechomeka mashine yake upande wa pili, aliona visanduku vikitoweka kimoja baada ya kingine kwenye kioo cha mashine, mpaka kioo kikabaki cheupe. Ndivyo gari lilivyonyamaza.

Zenobia alifungua soketi moja moja, akitenga kipande kizima na kipande kigonjwa, mpaka ugonjwa ukabaki kwenye urefu wa mkono mmoja, chini ya miguu ya dereva. Walifunua zulia. Walikuta kiraka cha bati kilichochomelewa vizuri, kikapakwa lami na rangi. Mfereji wa waya ulipita chini ya kiraka hicho.

Gaudensi aliitwa. Alikuja, kwa sababu gereji si ua wa Otmari. Zenobia alimwaga maji mbele yake, na Gaudensi aliitazama mita ikianguka kutoka sitini hadi tatu. Hakubisha alichokiona kwa macho yake. Lakini alisema gari lilibingirika, na ajali yenyewe inaweza kubana waya. Nani atajua zilibanwa kabla au baada? Tena akakigusa kile kiraka kwa ncha ya kiatu.

"Na hiki si cha jana. Kama alijua sakafu imeoza, akampakia mdogo wangu humo humo, basi hujamsafisha, mama. Umembadilishia kosa."

Zenobia alikasirika, na alipokasirika alitaka kazi. Alisema watakata kiraka waone kilichomo. Akanyoosha mkono kuomba mashine ya kukatia, na mashine hiyo ilikuwa ya Kasiani, na Kasiani alikuwa ameishika.

Hakuitoa.

"Usikate hapo," alisema. "Ukikata katikati utakata na waya, na hutajua tena lipi lilifanywa na ajali na lipi lilifanywa na mtu. Kata upande wa mlango, vidole vinne kutoka ukingoni. Utakuta viungio viwili. Nimevifunga kwa tepu nyeusi, na juu ya tepu nimezungusha nailoni ya buluu."

Gaudensi alimgeukia. "Umefunga wewe?"

"Mimi."

Kasiani aliyasema yaliyobaki akiwa amesimama, macho yake yameelekea ukutani. Miezi minne kabla ya ajali Otmari alileta gari azibiwe sakafu. Katika kuchomelea, moto uliingia kwenye mfereji ukaunguza waya mbili nyembamba. Alijua kwamba kazi ya waya ni ya Zenobia, na Zenobia alikuwa hatua ishirini kutoka pale. Lakini mwezi uliotangulia alikuwa ameunguza waya za gari lingine, na gereji nzima ilimtania wiki mbili, ikimwita Moto wa Kuotea Mbali, na jina hilo lilitungwa na Zenobia mwenyewe. Hakutaka kuitwa hivyo tena. Kwa hiyo alizimenya waya zile, akaziunganisha kila moja na mwisho wake kwa kusokota, akazifunga tepu, kama alivyofundishwa tangu ujana kuunganisha waya za taa. Kwa taa ingetosha. Gari liliwaka, kila kitu kilifanya kazi. Alifunika kwa bati, akapaka rangi. Hakumwambia Otmari kitu. Otmari alipapasa sakafu, akamshika mkono, akamshukuru.

Alisema tangu siku ya mazishi alishuku, lakini hakujua, mpaka maji yalipomwagwa.

"Na ulipoanza kushuku, kwa nini hukusema?" Gaudensi aliuliza.

"Niliogopa."

Alikata mwenyewe, upande wa mlango, vidole vinne kutoka ukingoni. Nailoni ya buluu ilikuwepo. Tepu ilikuwa imelegea na kujaa maji. Ndani yake shaba ya waya zote mbili ilikuwa imeota kutu ya kijani, ile kutu inayochukua miezi kuota, na ncha zake zililala zikigusana. Hilo ajali haikulifanya, wala Otmari hakulijua.

Gaudensi alizishika zile waya kwa muda mrefu. Halafu alitafuta mahali pa kukaa, akakalia tairi.

"Basi alikuwa macho," alisema. "Edgari naye alikuwa macho. Walikuwa wanatazama wote wawili."

Kesho yake Kasiani alikwenda polisi bila kupelekwa, akaandika maelezo, akaambiwa arudi atakapoitwa. Alirudi gereji akakuta hakuna mteja anayempa kazi. Alifunga zana zake kwenye gunia.

Siku ya arobaini Gaudensi alikuja. Alitangulia mbele, na nyuma yake walikuja watu wa mbao, walimu, majirani waliokuwa wakivuka barabara ili wasikutane na Skolastika. Ua ulijaa hadi nje ya uzio. Wanawake waliokuwa hawajaonekana tangu msiba walishika miiko bila kuambiwa. Benedikta alisimama mlangoni akiwahesabu watu, na alipopita mia moja aliacha kuhesabu.

Skolastika alitoka ndani na koti. Lilikuwa koti la sufu, zito, rangi ya majivu, kifungo kimoja si cha asili yake. Aliwaita mafundi wote watatu. Egno na Zenobia walitoka kwenye mikeka. Kasiani alitoka kwenye rundo la kuni. Mvua ilikuwa imezilowesha, na tangu asubuhi alikuwa akizipasua upya ili jikoni wapate zenye kuwaka. Mjane aliwaambia wazee wa ukoo kwamba aliahidi koti kwa atakayemfikisha siku hii, na sasa amefikishwa na watatu.

Wazee waliuliza mafundi wenyewe wanasemaje.

Egno alisema asingesoma hadi mstari wa mwisho, gari lingekuwa limeshayeyushwa, na leo pasingekuwa na waya wa kupima wala mtu wa kukiri. Hakusema kwa kujigamba. Alisema kwa sababu ni kweli.

Zenobia alisema karatasi ya Egno ilikuwa na wakati bila mahali, na Gaudensi aliikunja. Bila yale maji Kasiani angeendelea kushuku hadi uzee wake. Halafu aliongeza jambo ambalo hakuna aliyemwuliza. Alisema lile jina alilitunga yeye, na lilimchekesha sana wakati ule.

Kasiani alisema wasimvike.

Gaudensi aliombwa naye aseme, kwa kuwa kuja kwake ndiko kulikoahidiwa koti. Alisema karatasi ya Egno peke yake isingemleta. Maji ya Zenobia peke yake yasingemleta. Na Kasiani angekuja peke yake kukiri, yeye angemwona ni mtu mwema anayembebea marehemu mzigo, naye angemfukuza. Ilibidi wawe watatu. Akiondoa mmoja, yeye hayupo uani. Zaidi ya hapo hawezi kuamua, alisema, maana mmoja wa hao watatu ndiye aliyemfikisha mdogo wake kaburini.

Hapo ua uligawanyika. Walimu walisimama na Egno, kwa sababu aliyeanza ndiye aliyefungua mlango. Wanawake wengi walisimama na Zenobia, kwa sababu yeye alifanya jambo lionekane kwa macho, tena alirudi kwenye gari lile siku tano bila kuona kitu. Mtu mmoja alisema koti litampwaya, na shangazi wa pembeni akamwambia koti linapunguzwa na cherehani, kinywa chake kitapunguzwa na nini.

Kisha mama mzazi wa Otmari, aliyekuwa hajasema neno tangu mazishi, aliomba ainuliwe. Alisema mwanawe alisema kweli siku tatu, na hakuna aliyemsadiki. Hawa wawili walisema kweli iliyowapa sifa, na anawashukuru, na Mungu awalipe. Huyu wa tatu alisema kweli iliyomvua kila alichokuwa nacho, na angeweza kuinyamazia. Angetoa tu mashine ya kukatia, wenzake wakate katikati, na siri ingekatwa pamoja na waya.

"Nimepoteza mwana," alisema. "Huyu amejua alichonifanyia. Avae, akae hapa, anijengee jiko langu likibomoka."

Hapo Benedikta alitoka mlangoni, akasimama mbele ya mama yake.

"Mama, mkimvika yeye nitatakiwa kumwita baba," alisema. "Siwezi kumwita baba aliyemuua baba."

Bibi alimtazama mjukuu wake, na mjukuu alimtazama bibi, na hakuna kati yao aliyeinamisha macho.

Hapo ndipo kisa changu kinaposimama. Skolastika yuko katikati ya ua. Chakula kimepakuliwa, na hakuna anayeruhusiwa kukionja mpaka koti lipate mtu. Egno ametazama viatu vyake. Zenobia amemtazama Kasiani. Kasiani hatazami popote. Gaudensi anasubiri, na akiondoka kabla koti halijavaliwa, tanga halijavunjika, na kazi yote ya watatu imekwenda bure. Skolastika akimvika Egno, je, jicho lililosoma ni lini limeupita mkono uliopata ni wapi? Akimvika Zenobia, je, ulimi ule uliotania hauna sehemu katika kosa? Akimvika Kasiani, je, kosa na ukweli vinaweza kuvaa koti moja? Na akisikia la bibi, atamwambia nini mtoto? Akisikia la mtoto, atamwambia nini bibi?

Wewe uliyeketi hapo, na wewe wa nyuma uliyekuwa unajifanya unasinzia: koti liko mikononi mwako sasa, ni zito, na watu zaidi ya mia wanakutazama. Je, ungemvika nani?